Uwanda wa Ufipa na Udogo wa Picha Zetu

Katika mazungumzo juu ya sanaa za taifa letu iko kauli ambayo imerudiwa mara nyingi mpaka ikaonekana kuwa ni kweli isiyohitaji ushahidi. Kauli hiyo husema kwamba kuchora mandhari, yaani kuichora nchi yenyewe, milima yake, mabonde yake na anga lake, ni starehe ya watu walioshiba. Kwamba kuichora juu ya turubai kubwa ni kiburi. Na kwamba kuichora kwa rangi za akriliki zilizotoka ng'ambo ni kuendeleza kasumba. Mwafrika, twaambiwa, huchora watu, wanyama na mashetani. Nchi tupu huchorwa na Mzungu. Katika insha hii tumekusudia kuipinga kauli hiyo, na kuipinga kwa mfano wa sehemu moja ya nchi yetu ambayo wengi wamekula mazao yake bila kuijua sura yake. Sehemu hiyo ni uwanda wa juu wa Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa.

Uwanda huo umelala baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani nao huinuka zaidi ya mita 2,000. Upande wa mashariki nchi huporomoka ghafla kwa kiasi cha mita 1,000 hadi bonde la Rukwa. Upande wa kusini magharibi, mpakani na Zambia, mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Katika miaka ya 1970 na 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi ya taifa hili. Miji yetu imelishwa na uwanda huo. Lakini mwulizeni mwanafunzi wa Tanga au wa Mtwara uwanda huo una sura gani. Kilimanjaro atakichora mara moja, na twiga chini yake. Ufipa hatakuwa na la kuchora. Taifa limekula mahindi ya Ufipa, lakini halijauona Ufipa.

Tuanze na hilo neno "nchi tupu", maana ndilo mzizi wa kosa. Mwaka 1880 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, aliliona ziwa Rukwa kutoka milimani akalibatiza jina la Leopold, kana kwamba ziwa lililovuliwa samaki kwa karne nyingi halikuwa na jina. Jicho la namna hiyo huona mandhari mahali ambapo wenyeji wanaona kazi. Huona nyasi na mawingu, lakini halioni jembe. Anayesema leo kwamba kuchora mandhari ni kuchora utupu ameazima jicho lilelile la msafiri, hata akijiona kuwa mtetezi wa Uafrika.

Ufipa si tupu. Msomaji na autazame mlima mdogo au mteremko wowote kando ya njia ya Laela, Mpui au Matai katika miezi ya mvua za mwisho. Ataona vichuguu vya udongo vilivyopangwa kwa mamia, kimoja kando ya kingine, mpaka mteremko wote umevimba. Hizo ni ntumba, kilimo cha asili cha Wafipa. Mkulima huzikata nyasi pamoja na udongo wake, akazipindua na kuzifukia ndani ya tuta la mviringo, zikaoza humo na kuwa mbolea. Juu ya tuta hupandwa maharage. Mvua za msimu unaofuata zinapokaribia, matuta hubomolewa na kutandazwa, na shamba likawa tayari kupokea ulezi au mahindi. Hakuna aliyewafundisha Wafipa elimu hiyo kutoka nje. Waliijenga wenyewe katika nchi ya nyasi iliyokuwa na miti michache ya kukata na kuchoma kama walivyofanya jirani zao. Kila ntumba ni mapigo kadhaa ya jembe na mgongo wa mtu ulioinama. Basi mteremko wenye ntumba 1,000 ni nini kama si picha ya watu?

Tena yapo malungu. Kabla ya chuma cha viwandani cha Ulaya kuenea, Ufipa ulikuwa nchi ya wahunzi. Hata ufalme wa kale wa Milansi, uliotangulia falme za Nkansi na Lyangalile, hukumbukwa kuwa ulikuwa wa wahunzi. Tanuru zao zilijengwa kwa udongo wa vichuguu zikafikia kimo cha karibu mita tatu, zikavuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini pasipo mvukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru ndogo, kisha kikafuliwa jembe, shoka na mkuki. Profesa Bertram Mapunda, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amezichimba na kuzieleza kazi hizo katika maandishi yake ya miaka ya 1990 na baadaye. Magofu ya tanuru hizo yangali yamesimama porini katika sehemu kadhaa za Ufipa, mengine yameanguka, mengine yamebebwa na mvua kidogo kidogo. Na uwanda wa nyasi wenyewe, ambao mgeni huudhani kuwa umeumbwa hivyo, umetengenezwa kwa sehemu kubwa na moto, jembe, mifugo na makaa ya tanuru.

Kwa hiyo mchoraji anayeichora nchi ya Ufipa kwa uaminifu hawezi kuwakimbia watu hata akitaka. Jambo hili si jipya katika sanaa yetu. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyeishi kati ya mwaka 1923 na 1993, aliichora nchi ya Kilimanjaro maisha yake yote, na haikuwa tupu hata mara moja. Migomba yake ina wavunaji, njia zake zina wapitaji, vilima vyake vina watu wanaojenga nyumba. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, aliyoichora mwaka 1956, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Huyo ni mwalimu, mwanadiplomasia na mtumishi wa utamaduni wa nchi hii. Nani atathubutu kumwambia kwamba alichora starehe ya Wazungu?

Sasa tuje kwenye udogo. Kwa nini picha zetu nyingi zinazouzwa leo ni ndogo? Jibu limo ndani ya sanduku la mtalii. Edward Said Tingatinga, alipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi vya kiasi cha sentimita 60 kwa 60. Alifanya hivyo kwa sababu ndivyo vilivyopatikana, na kwa vitu hivyo vya barabarani aliunda jambo jipya duniani. Hatumlaumu yeye, wala hatuwalaumu vijana waliopata riziki kwa kufuata njia yake baada ya kifo chake mwaka 1972. Tunalaumu soko lililokigeuza kipimo cha uhaba kuwa sheria. Picha ikapunguzwa ili iingie mkobani. Mlima ukapunguzwa ili uingie pichani. Na mkulima, kwa kuwa hanunuliki kama tembo, akaondolewa kabisa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biashara hii mwenyeji amepona njaa, lakini nchi yake imepotea machoni pake.

Wapo watakaotujibu kwamba ukubwa si ubora, na kwamba picha mbaya ikikuzwa huwa mbaya zaidi. Ni kweli, wala hatubishi. Hatudai ukubwa kwa kila picha. Ua moja halihitaji mita tatu. Tunadai ukubwa pale ambapo jambo lenyewe linaudai, na Ufipa unaudai kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni umbo la nchi. Ufipa hauna kilele kimoja cha kujaza katikati ya picha. Ni nchi ya mlalo: upeo wa chini, anga pana, mgongo wa kilima nyuma ya mgongo wa kilima. Katika ubao wa sentimita 60 mlalo huo hugeuka kuwa mistari mitatu ya rangi, na ntumba zikawa madoa. Katika turubai la mita mbili kwa tatu, ambalo eneo lake ni zaidi ya mara 16 ya ubao huo, ntumba ya mbele yaweza kuchorwa kwa ukubwa ambao mtu akisimama mbele yake atajiona kana kwamba angeweza kuipanda. Hapo jicho hutembea kutoka tuta moja hadi jingine kama mguu unavyotembea, na kuchoka kwa jicho hilo ni sehemu ya ukweli wa picha. Sababu ya pili ni watazamaji. Picha ndogo ni ya mwenye nyumba mmoja. Picha kubwa ni ya bwalo la shule, ya ukumbi wa halmashauri, ya chumba cha kungojea wagonjwa. Elimo Njau alilijua hilo mwaka 1959 alipochora katika kanisa la ukumbusho huko Murang'a, Kenya, picha tano za ukutani za maisha ya Yesu, na kumweka Yesu huyo katika nchi ya vilima na mashamba ya Wakikuyu wenyewe. Waumini hawakulazimika kununua picha ile ili iwe yao.

Lakini picha kubwa haichorwi kwa hamasa. Huchorwa kwa nidhamu ya karakana, na hapa twataka kusema na wanafunzi hasa, maana wengi hudhani kuwa msanii hungoja msukumo wa roho. Kazi huanzia nje. Mchoraji huenda na daftari na penseli hadi ukingo wa Lyamba lya Mfipa au mteremko wa Mbizi, akaandika umbo, mwelekeo wa kivuli, saa, na majina ya rangi. Hurudi pale pale Januari nchi ikiwa kijani, Agosti nyasi zikiwa za dhahabu, na Oktoba moto ulipokwisha kupita na moshi umefunika bonde. Baadaye, karakanani, rasimu moja huteuliwa, hugawanywa kwa miraba, na miraba hiyo hiyo huchorwa kwa ukubwa juu ya turubai ili umbo lisipotee linapokuzwa. Kitambaa huwambwa juu ya fremu ya mbao kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, kikapakwa rangi ya msingi mara mbili au tatu, na kila mpako ukaachwa ukauke.

Rangi ya akriliki ni chembe za rangi zilizochanganywa na gundi ya plastiki iliyo ndani ya maji. Maji yakiisha kukauka, gundi huganda na haiyeyuki tena kwa maji. Ina tabia zake, na uwanda wa Ufipa huzifichua zote. Katika upepo mkavu wa kiangazi hukauka juu ya kibao cha kuchanganyia kabla brashi haijafika turubaini, kwa hiyo hunyunyiziwa maji mara kwa mara. Katika baridi ya Juni na Julai, nyuzi za joto zikishuka chini ya 10, gundi haishikani vema, na mpako waweza kufanya ufa au unga. Basi mchoraji wa Sumbawanga hungoja jua lipashe ukuta wa karakana ndipo aanze. Tena rangi hiyo ikiwa mbichi huwa na weupe kidogo wa gundi, na ikikauka hukolea. Asiyelijua hilo hachanganyi rangi ya anga ya kutosha, na akirudi kesho kuongeza nyingine huacha kiraka katikati ya mawingu. Ajuaye huchanganya anga lote siku moja na kulihifadhi katika makopo yenye vifuniko. Mwisho, chumba kiwe kirefu, ili mchoraji aweze kurudi nyuma hatua kumi, kwani aliyeubana uso wake turubaini huona brashi, haoni nchi.

Hapo ndipo mpinzani wetu anapoinua sauti: rangi hizo ni za kigeni, na turubai ni la kigeni! Na tumjibu kwa historia. Kitambaa cha pamba si kigeni Ufipa. Wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta Wafipa na watu wa bonde la Rukwa wakisokota pamba yao na kufuma nguo nzito kwa vitanda vya mfumi vilivyolazwa chini, mpaka nguo za bei nafuu za viwandani zilipoua kazi hiyo. Leo pamba ya Usukuma husafirishwa nje kwa sehemu kubwa kabla ya kufumwa, kisha sisi tunanunua turubai la wengine na kulalamika kuwa ni la kigeni. Ugeni huo hauko katika turubai. Uko katika uchumi wetu. Na kama kitambaa cha dukani ni chembamba kwa upana, kiungwe kwa sindano. Wachoraji wa Venice katika karne ya 16 waliunga vitambaa vya aina ya matanga ya vyombo ili wapate picha za kujaza kuta, na hakuna awaonaye kuwa maskini wa sanaa.

Ama rangi, wekundu wa udongo wa Ufipa ni kutu ya chuma, ndugu wa kile chuma ambacho malungu yalikitoa katika mawe. Udongo huo ukioshwa, ukachujwa, ukakaushwa na kusagwa laini, kisha ukachanganywa na gundi ya akriliki, hutoa rangi nyekundu, ya kahawia na ya manjano ambazo hazipaushwi na jua. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa mwaka 2006 katika Orodha ya Urithi wa Dunia, imechorwa kwa wekundu wa namna hiyo hiyo. Basi kitu cha kununua ni gundi na rangi chache zisizopatikana ardhini. Na gundi hiyo nayo haikuzaliwa katika sebule za matajiri peke yake. Mmeksiko David Alfaro Siqueiros, mchoraji wa kuta za umma, alifungua karakana ya majaribio huko New York mwaka 1936 kwa sababu alitafuta rangi mpya za viwandani zitakazofaa sanaa ya wafanyakazi. Chombo si kasumba. Kasumba ni kukitumia chombo kuchora kile tu ambacho mgeni ameagiza.

Imebaki hoja ya kamera. Wasema, piga picha ya simu, ikuze, yatosha. Kamera ina heshima yake, lakini hushika dakika moja. Ntumba hujengwa katika msimu mmoja na hubomolewa katika mwingine. Nyasi huota, hukauka na huungua. Tanuru iliyosimama mwaka huu yaweza kuanguka mwaka ujao. Mchoraji aliyerudi mahali pamoja miezi yote aweza kuiweka kazi ya mwaka mzima juu ya turubai moja, na kuonyesha kwa nini mteremko una umbo ulilo nalo. Na jambo hili lina haraka. Plau, trekta na mbolea ya chumvichumvi vimeingia, wala hatuwezi kumwomba mkulima ainame ili sisi tupate mandhari. Lakini elimu iliyolishikilia taifa haistahili kutoweka bila hata ukuta mmoja wenye sura yake.

Kwa hiyo twawaambia walimu: msingoje chumba maalumu cha sanaa wala kasha la rangi kutoka mjini. Kila shule ya sekondari ina ukuta, na jirani yake pana udongo mwekundu. Watoeni wanafunzi nje na daftari. Waulizeni wazee namna ntumba inavyopigwa na mahali ilungu liliposimama. Wapimeni kwa ukweli wa umbo, si kwa uzuri wa machweo. Nanyi wanafunzi, msikubali kuambiwa kuwa nchi yenu ni ndogo kiasi cha kuingia mkobani. Twawaambia pia wanaojenga majumba ya umma: kabla ya kutundika tembo mwingine, tengeni ukuta mmoja na malipo halali kwa mchoraji wa mahali hapo. Taifa lisilojitazama hutazamwa na wengine, likapewa jina lolote wapendalo, kama ziwa Rukwa lilivyopewa.